Anakataa kijiko, anataka biskuti tu: nimpe nini mkononi?

Swali: "Mtoto wangu wa kiume ana mwaka mmoja na miezi minane. Zamani alikula kila kitu. Siku hizi nikileta kijiko anageuza kichwa, nikisisitiza anatema. Anachokubali ni kile anachoshika mwenyewe: biskuti, mkate, mandazi na chai ya sukari. Mimi nauza sokoni Kadutu toka asubuhi, anabaki na mama mkwe wangu, naye anasema tumbane pua tumnyweshe uji kama walivyofanya wao. Usiku bado ananyonya. Naomba unitajie vyakula vya afya vya kushika mkononi ambavyo havitanimaliza pesa. Na je, nimnunulie sirapu ya kuleta hamu ya kula?" Mama wa Kadutu, Bukavu.

Mama, mtoto wako hajakataa chakula. Amekataa kijiko. Soma tena ulivyoandika: kila alichokubali kilipita kwanza mkononi mwake. Sasa fikiria jioni nyumbani kwenu, wote mmezunguka sahani ya bugali na sombe, kila mtu anamega tonge kwa vidole vyake, halafu yeye peke yake anashikwa mapajani na kuletewa chuma mdomoni. Anawaona. Sisi ni watu wa kula kwa mkono, na sioni sababu ya mtoto wetu kuanzia kwenye kijiko. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu langu itakurudisha kwenye chungu chenu cha kila siku, si dukani.

Nikutoe hofu kwanza. Katika mwaka wa kwanza mtoto hufikia uzito mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Mwaka wa pili anaongeza kilo mbili tu, au mbili na nusu. Mwili umepunguza mwendo, na njaa imepungua nao. Wakati huohuo amejifunza kutembea, amegundua neno "hapana", na ameanza kushuku chakula chochote asichokizoea, hasa kama ni cha kijani. Karibu kila mama anayeniletea malalamiko haya ku kilo, pale kliniki watoto wanapopimwa uzito, ana mtoto wa umri wa wako, na husema vilevile: alikuwa anakula, ghafla akaacha. Jirani hajamtazama vibaya. Ni umri.

Kinachonisumbua kwenye barua yako ni chai na biskuti. Tumbo la mtoto hubeba takribani gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake. Kama wako ana kilo 10, nafasi yote ni gramu 300 hivi. Kikombe cha chai na biskuti nne saa nne asubuhi vimekwisha kula sehemu nzuri ya nafasi hiyo, halafu saa sita unashangaa kwamba maharage hayaingii. Isitoshe, chai huzuia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye maharage na mboga, na chuma ndicho kitu ambacho mtoto wa umri huu hukikosa kwa urahisi kuliko vyote. Kabla hujanunua kitu chochote kipya, ondoa chai. Nasema kuondoa kabisa, si kuifanya nyepesi. Hatua hii haina gharama, na mara nyingi inaleta badiliko kubwa kuliko chakula chochote nitakachokutajia hapa chini.

Badala ya kutafuna kutwa nzima, apate milo mitatu au minne na vitafunio mara moja au mbili, kwa saa zinazojulikana. Kati yake ni maji safi tu. Ziwa usilikatize, kunyonyesha kunafaa hadi miaka miwili na hata zaidi, ila mpe baada ya kula na si kabla.

Tuje kwenye mkono. Kwa umri wake anaweza kuokota punje kwa vidole viwili, na magego ya kwanza huwa yametoka au yanatoka. Kipande kiwe kirefu cha kushikika au kidogo cha kuokotwa, na kiwe laini: ukikibana kati ya kidole gumba na cha pili, kipondeke bila nguvu. Kisichopondeka vidoleni mwako hakitapondeka kwenye fizi zake.

Chakula ninachokiweka mbele ya vyote hapa Bukavu ni sambaza, wale samaki wadogo. Hawakuwa wa ziwa letu. Waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na sasa ndio wanaovuliwa usiku kwa taa na kufika sokoni asubuhi. Ukimla samaki huyu mzima, pamoja na mifupa yake laini, unapata protini, chuma, zinki na kalisi kwa mkupuo mmoja, na unanunua kwa kipimo unachokimudu, hata kidogo cha siku moja. Kwa mtoto wako fanya hivi. Chukua wabichi, toa kichwa na matumbo, wapasue kwa kidole gumba na uvute uti wa mgongo. Wachemshe kidogo na kitunguu na nyanya, uwaponde pamoja na birayi (viazi ulaya) vilivyochemshwa, ufinyange vimkate bapa vya kutosha kiganja chake, kisha uvipitishe kwenye mafuta kidogo pande zote mbili. Nje vinashika, ndani ni laini. Watoto wanaotema samaki wa kwenye mchuzi huvila hivi bila ubishi, labda kwa sababu hawaoni macho ya samaki yakiwatazama.

Wakiwa wakavu, waoshe vizuri watoke mchanga na chumvi, wakaushe tena juu ya mbabula (jiko la mkaa), uwatwange mpaka unga laini. Weka kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Kijiko kimoja cha unga huo kinaingia popote: kwenye bugali, kwenye viazi vilivyopondwa, kwenye yai. Kazi hii mkabidhi mama mkwe wako. Nasema hivyo kwa makusudi, na nitaeleza baadaye.

Mafuta ya mawese ni rafiki yako, mradi usiyachome mpaka yakapoteza wekundu. Ule wekundu ndio unaogeuka vitamini A mwilini. Wengi wetu huyaacha jikoni yatoe moshi kwanza, "yaive", na kumbe tunatupa kitu chenyewe kilichotufanya tuyanunue.

Bugali sasa. Bugali wa muhogo mtupu humpa nguvu, lakini protini karibu hamna, na mtoto akishiba huo peke yake ameshiba bure. Changanya unga wa muhogo na wa mahindi, ongeza unga wa soya kama unapatikana, na hakikisha muhogo ulilowekwa vya kutosha kabla ya kusagwa, kwa kuwa muhogo mchungu usiolowekwa una sumu. Mfinyangie matonge madogo, yenye ukubwa wa punje mbili tatu za maharage zikiwekwa pamoja, umwekee mchuzi mzito wa maharage kwenye kisahani chake. Achovye. Mfundishe kutia kishimo kwenye tonge kwa kidole gumba, ataona fahari kama mtu mzima. Atachafua nguo, atachafua mkeka, na nywele zitapata sehemu yake. Mvue shati, mtandikie kitambaa, basi.

Maharage yenyewe yaloweke usiku kucha na umwage maji yale; yataiva upesi na utaokoa makala (mkaa). Yakishalainika kabisa, yaponde, changanya na karoti iliyochemshwa na kitunguu, yashikanishe kwa yai au unga kidogo, ufinyange kama vile vimkate vya sambaza. Kama tumbo humjaa hewa, ondoa maganda. Ziko aina za maharage zilizochaguliwa kwa kuwa na chuma na zinki nyingi zaidi, na kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA pale Mulungu kimefanya kazi hiyo. Ukiyakuta sokoni kwa bei ileile, chukua hayo. Na kila anapokula maharage au mboga, weka pembeni kipande cha papai, embe au chungwa lililotolewa mbegu na ngozi. Vitamini C ya tunda husaidia chuma kuingia mwilini. Chai hufanya kinyume, ndiyo maana nimeisema vile.

Mboga za majani ndizo zitakusumbua. Lengalenga ikiwa peke yake, mtoto wa namna hii huitoa mdomoni jani kwa jani kwa uvumilivu wa ajabu. Mimi huipitisha kwenye yai: ikate nyembamba kabisa, ichemshe dakika chache, ikamue, changanya na yai moja lililopigwa, tandaza kwenye kikaango mpaka liive kote, kisha ukate vipande virefu. Kuna wanaosema yai humfanya mtoto achelewe kusema. Hapana. Yai ni miongoni mwa vitu bora unavyoweza kumpa, na kama pesa ya wiki inaruhusu mayai machache tu, yawe yake kabla ya baba yake. Sombe iliyotwangwa na kuiva vizuri haihitaji ujanja huo. Inashikana na tonge, itakwenda na bugali.

Viazi vitamu, hasa vyenye nyama ya rangi ya machungwa, vichemshe na ganda, menya, kata vipande virefu. Boga vivyo hivyo. Ndizi mbivu haihitaji maelezo. Avoka ina mafuta mazuri, na mtoto anayekula kidogo anahitaji chakula chenye mafuta ili kidogo hicho kimfae, lakini huteleza vidoleni mwake na kumkasirisha. Igaragaze kwenye unga wa karanga zilizokaangwa au unga wa sosoma (mchanganyiko wa soya, mtama na mahindi) uliokaangwa, itashikika. Karanga zenye ukungu au uchungu usizitwange ukidhani moto utazisafisha. Zitupe. Mashanza, yaliyotokana na maziwa yaliyochemshwa kwanza, ni mazuri kwa kikombe. Jibini ya Masisi ni nzuri pia, ila kwa bei inayofikia huku siwezi kukuambia uifanye chakula cha kila siku.

Mandazi nisingeyapiga vita. Yatengeneze wewe mwenyewe siku moja moja: ponda ndizi zilizoiva sana, vunja yai, ongeza unga wa ngano na wa soya, acha sukari kwa kuwa ndizi inatosha, kaanga madogo. Mtoto anaona andazi, na wewe unajua kilichomo. Biskuti za dukani ziache zitoke ndani ya nyumba, maana kitu kilichopo kabatini bibi atakitoa tu mtoto akilia.

Hapa nitaongea kwa ukali kidogo. Chakula cha mkononi kinaweza kumkaba mtoto. Karanga nzima, mahindi ya kuchoma, bisi, muwa, karoti mbichi, bombo (peremende) na vipande vya nyama ngumu visimfikie kabla ya miaka minne. Karanga ni za kusagwa, karoti ni za kuchemshwa, nyama na maini ni vya kupondwa. Ngege na samaki wengine wakubwa wana miiba isiyolainika. Wachambue kwa vidole vyako, si kwa macho tu. Ale akiwa ameketi, na mtu mzima yuko karibu, si akikimbia uani na kipande shavuni. Akipaliwa na anakohoa kwa sauti, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mwinamishe mbele na umpige mapigo matano katikati ya mabega kwa kiganja. Ikishindikana, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu, uvute ndani na juu mara tano, kisha rudia mapigo ya mgongoni, huku mwingine akitafuta usafiri wa kwenda hospitali. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona, utakisukuma zaidi.

Kumbana pua ni hatari ya namna hiyohiyo. Mtoto aliyezibwa pua analazimika kuvuta hewa kwa mdomo uliojaa uji, na uji unaweza kwenda mapafuni. Anaweza kupata nimonia. Hata akinusurika, amejifunza kwamba chakula ni mahali pa kuogopa, na utalipa kwa miezi ya kugeuza kichwa.

Lakini usiende kumwambia mama mkwe hayo kwa maneno yangu haya. Yeye alilea watoto wake kwa alichokijua, na anaogopa mjukuu asikonde mikononi mwake ukiwa sokoni. Mpe kazi yenye heshima: yeye ndiye mwenye unga wa sambaza, yeye ndiye anayejua saa ya vitafunio imefika. Mama wakwe wengi ninaowajua hawashindani na mpango ambao wao wenyewe wameushika ufunguo. Akitaka kusikia kwa mtu mwingine, aje na mtoto ku kilo, muuguzi atamweleza.

Namna ya kumkalisha mezani nimeichukua kwa mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, na inafaa Kadutu kama inavyofaa kwao. Ninyi watu wazima mnaamua anakula nini, saa ngapi na wapi. Yeye anaamua kama atakula, na kiasi gani. Weka mbele yake vitu viwili au vitatu, kimoja kiwe kile unachojua anakipenda, na kipya kiwe kipande kidogo sana. Asipokigusa, kiondoe bila hotuba. Chakula kipya huweza kuhitaji kuonekana mara 8, 10, hata 15 kabla ya kukubaliwa, na wazazi wengi hukata tamaa kwenye mara ya tatu. Usimpigie makofi akila, usimtishie asipokula, usimwekee simu ya katuni ili mdomo ufunguke wenyewe. Baada ya nusu saa mlo umekwisha. Akidai biskuti dakika kumi baadaye, jibu ni maji, na chakula kinakuja saa yake ikifika. Siku mbili tatu za mwanzo zitakuwa na kelele.

Jambo moja linalohusu kazi yako. Ukitoka alfajiri na kuacha vimkate vya sambaza mezani, saa sita si vya kumpa mtoto. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na umeme wetu unaujua. Kwa hiyo mwachie bibi vitu visivyoharibika: yai bichi la kuchemsha wakati wa kula, ndizi na avoka visivyomenywa, viazi vya kutia chunguni, unga wa sambaza. Vimkate vipike jioni, mle wote. Mikono yake na ya anayemlisha ioshwe kwa sabuni na maji yanayomwagika, si kwenye beseni moja la familia nzima. Kwenye mji ambao kipindupindu hurudi mara kwa mara hili si la kubembelezana.

Mpeleke kwenye kituo cha afya bila kungoja ukiona uzito kwenye kadi haupandi au unashuka, viganja vimepauka, miguu imevimba, anaharisha mara kwa mara, au anakabwa na kila kitu hata kilicho laini. Ule utepe wa kupima mkono utakuambia mengi: milimita 125 na zaidi ni kijani, kati ya 115 na 125 ni njano, anahitaji kufuatiliwa, chini ya 115 ni nyekundu, aanze matibabu siku hiyohiyo. Uvimbe wa miguu yote miwili ni hatari hata kama utepe uko kijani. Mtoto wa kijani, anayecheza na kupanda kilo kidogo kidogo, anakula vya kutosha hata kama sahani inakwambia vingine.

Kuhusu sirapu, usimpe. Nyingi kati ya hizo zinazosifiwa kwa kuleta hamu zina siproheptadini, dawa ya mzio ambayo pembeni yake huleta usingizi na njaa. Haifai kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, na hata kwa mkubwa njaa hiyo huondoka chupa ikiisha. Anachostahili kupata wako ni kingine na hutolewa kila miezi 6: vitamini A na dawa ya minyoo. Ukienda ku kilo, waangalie kwenye kadi alipata lini mara ya mwisho. Kama miezi 6 imepita, omba apewe siku hiyo.